Picha za mashujaa ukutani: jinsi ya kuchagua, kuanzia jina mpaka msumari

Kuta zetu nyingi zina saa, kalenda ya duka la jumla, picha ya harusi na labda maua ya plastiki, na sio vibaya. Ila nimeona watu wengi siku hizi hasa wanaopanga nyumba mpya wanataka sebuleni au kwenye chumba cha kusomea wawe na sura za watu wanaowaheshimu, Mwalimu, Lumumba, Bibi Titi, Wangari Maathai, Siti binti Saad, alafu wanakwama kwa sababu hawajui waanzie wapi, wanaishia kununua bango lolote linaloning'inia barabarani, uso umevutwa kama umepita kwenye mashine ya chapati na chini kuna maneno ambayo mwenyewe hakuwahi kuyatamka. Mi hili jambo nalipenda sana na nalichukulia kwa uzito, maana picha ya ukutani inawalea watoto wa nyumba ile kila siku bila mtu kufungua mdomo. Kwahiyo naandika hatua kwa hatua, fuata hivi hivi.

Hatua ya 1: andika majina, alafu yapunguze

Chukua karatasi andika kila jina linalokuja kichwani, usijizuie. Wakiwa kumi wakiwa ishirini sawa tu. Ukimaliza pitia jina moja moja na ujiulize swali hili: mtoto wa jirani akiingia hapa akauliza "huyu nani?", naweza kumwelezea dakika mbili bila kushika simu? Sio kusema tu "alikuwa shujaa" au "alipigania uhuru", hapana, umwambie alifanya nini, wapi, mwaka gani, kilimgharimu nini. Kama huwezi basi jina hilo liweke pembeni kwanza, nenda kasome, ukishaweza ndo urudi nalo.

Mfano Siti binti Saad. Ukisema "mwimbaji wa taarab wa zamani" umesema kidogo mno. Huyu alitoka Fumba, Unguja, familia ya wafinyanzi, alikuwa anatembeza vyungu akiviuza, alafu mwaka 1928 akapelekwa Bombay akarekodi santuri kwa Kiswahili, wakati huo mwanamke wa huku kwetu kufanya kitu kama hicho haijawahi kusikika. Ukishajua hivo picha yake inabadilika kabisa machoni mwako, unaona mtu.

Wakati unapunguza angalia pia kama orodha nzima ni wanaume waliovaa suti. Mara nyingi inakuwa hivo bila mtu kukusudia, ni vile picha za marais ndo rahisi kupatikana. Bibi Titi Mohamed alikuwa anasimama kwenye majukwaa ya TANU tangu 1955 akikusanya wanawake wa Dar wakati wasomi wengi walikuwa bado wanapima upepo, leo watu wanaijua barabara yenye jina lake kuliko sura yake. Yeye angekuwa wa kwanza kwangu, kabla hata ya Mwalimu.

Bakiza watatu mpaka watano. Kama ni chumba kimoja tu hata mmoja anatosha, picha moja kubwa nzuri inashinda saba ndogo zilizobanana.

Hatua ya 2: msome na upande wake mwingine

Hii watu wengi wanairuka na inawaletea shida baadae mgeni akianza kubishana. Hakuna mtu wa historia asiye na jambo la kuuliza. Nyerere aliongoza taifa likakaa pamoja na lugha moja, na ni chini yake pia miaka ya 1970 watu walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vya ujamaa, wengine nyumba zao zikachomwa. Ni chini yake pia Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1972. Ukiwatundika wote wawili ukuta mmoja, na mi nashauri uwatundike, uwe unaijua hiyo habari, usikimbie swali.

Kumheshimu mtu sio kusema hakukosea. Ila kuna mstari pia. Tippu Tip kwa mfano ana picha zinazovutia sana ukiziangalia kama picha tu, kilemba, joho, sura ya mtu mwenye mamlaka, na ni mtu wa Zanzibar mwenye historia nzito mpaka Kongo. Lakini utajiri ule ulitokana na pembe na watumwa, na kuna familia Kigoma, Ujiji na Maniema ambazo zinalijua jina hilo kwa sababu nyingine kabisa. Picha kama hiyo nafasi yake ni makumbusho, pembeni yake pakiwa na maelezo. Sebuleni kwangu hapana. We utaamua, ila amua ukiwa umesoma.

Hatua ya 3: sasa chagua picha yenyewe, na hapa ndo kazi ilipo

Ukishapata jina bado hujapata picha. Mtu mmoja anaweza kuwa na picha mia na kila moja inasema kitu kingine, sasa watu wanachofanya ni kuandika jina Google wanachukua ya kwanza inayotokea. Usifanye hivo. Kila picha ulizia mambo mawili: nani aliipiga, na alikuwa anataka nini.

Chukua Dedan Kimathi. Picha yake iliyoenea kuliko zote ni ile amelazwa, ana jeraha, pingu mikononi, siku aliyokamatwa karibu na Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956. Tunaizoea mpaka hatuioni tena. Lakini picha ile ilipigwa upande wa waliomkamata na serikali ya kikoloni ikaichapisha kwenye vikaratasi ikavisambaza ili wapiganaji waliobaki msituni wavunjike moyo, waone mkubwa wao amekwisha. Ndo kazi iliyotengenezewa. Sasa we unaichukua unaitundika sebuleni kwa heshima, kumbe bado inafanya kazi ya aliyeipiga. Kuna watu wanasema hapana, sisi tumeigeuza maana, sasa inaonyesha mateso aliyoyapata kwa ajili yetu, na hoja hiyo naielewa. Ila kwa nyumba yenye watoto mi ningeenda Nairobi, Kimathi Street, nikapiga mwenyewe picha nzuri ya asubuhi ya lile sanamu lililozinduliwa 2007, miaka hamsini baada ya kunyongwa kwake Kamiti, pale amesimama na bunduki yake. Aliyelitengeneza alitaka umwone akiwa wima.

Lumumba vilevile. Zipo picha za Desemba 1960 alipokamatwa, mikono imefungwa nyuma, askari wanamvuta nywele, ni picha za kutisha na wiki chache baadae, tarehe 17 Januari 1961, wakamuua kule Katanga. Lakini ipo nyingine ya Januari 1960, amefika Brussels kwenye mkutano wa kuzungumzia uhuru wa Kongo, ametolewa gerezani moja kwa moja kuja kwenye meza ya mazungumzo, na mpigapicha wa Kiholanzi Harry Pot akamnasa ameinua mikono juu, kwenye vifundo vya mikono unaona bandeji za majeraha ya pingu. Jeraha liko palepale hujalificha, ila mtu mwenyewe ndo anakuonyesha mikono yake, sio askari anayekuonyesha mtu aliyemshika. Tofauti kati ya picha hizo mbili ndo jambo lenyewe ninalotaka ulishike kwenye mwongozo huu mzima.

Nyerere nae ana ile picha rasmi ya ofisini ambayo wengi tumekua nayo madarasani, nzuri, tulivu, lakini kwa nyumbani angalia nyingine pia. Ipo ya 1961 amebebwa mabegani na watu, mkononi kabango kanachodai uhuru kamili mwaka huohuo, anacheka meno yote nje, kijana kabisa. Ipo ya Aprili 1964 anachanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar. Zile mbili zina tukio ndani yake, mtoto akiuliza una pa kuanzia. Picha ya sura peke yake unaitaka pale ambapo uso wenyewe unatosha.

Vitu vidogo vya kuangalia kwenye picha: macho yanaangalia wapi (anayekuangalia wewe moja kwa moja anakaa vizuri chumba cha kazi, anayeangalia pembeni anatulia zaidi sebuleni), nani mwingine yumo kwenye picha na kama unataka kuishi nae, na umri. Watu wanapenda kuchukua picha ya uzeeni kwa heshima, lakini wengi waliyafanya makubwa yao wakiwa vijana, Lumumba alifariki na miaka 35 tu. Kijana wako wa miaka ishirini akimwona kijana mwenzake ukutani anapata kitu.

Picha za rangi zilizopakwa na kompyuta juu ya picha nyeusi na nyeupe ziache. Rangi ile ya ngozi na ya shati imekisiwa tu na mashine, mara nyingi ngozi inatoka nyeupe kuliko ilivyokuwa. Picha ya zamani ibaki ilivyo.

Hatua ya 4: mashujaa ambao hawana picha

Hapa kuna mtego mkubwa. Kinjekitile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905 mwanzoni kabisa mwa Maji Maji, sura yake unayoiona kwenye mabango imechorwa baadae na watu ambao hawakumwona. Mkwawa hivohivo, yanayouzwa ni michoro. Tunachonacho cha Mkwawa ni fuvu linaloaminika kuwa lake, lililorudishwa 1954 na liko Kalenga pale Iringa. Hata nje ya kwetu, ile picha maarufu ya malkia Nzinga wa Angola akiwa na taji ilichorwa na Mfaransa miaka ya 1830 wakati Nzinga alifariki 1663, na Mansa Musa yule aliyekaa na kidonge cha dhahabu mkononi yumo kwenye ramani iliyochorwa Majorca 1375, karibu miaka 40 baada ya kifo chake, na aliyechora hakuwahi kufika Mali.

Mchoro sio dhambi, unaweza kuutundika, ila ujue kwamba ni mchoro na useme hivo ukiulizwa. Kibaya ni zile za kutengenezwa na akili bandia ambazo zimejaa mitandaoni sasa hivi zikiitwa "picha halisi ya fulani". Ukiona ngozi laini kama ya tangazo la losheni, shanga zinazoyeyukia shingoni, vidole vimezidi, maandishi ya nyuma hayasomeki, au mtu wa 1890 ana picha kali kuliko ya simu yako, acha. Ukiwa na wasiwasi ipitishe kwenye Google Lens au TinEye uone ilianza kuonekana wapi, kama haionekani popote kabla ya miaka hii miwili mitatu ushajibiwa.

Kwa wasio na picha mi napenda njia nyingine, tundika kitu chao. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, sura yake hatunayo na hatutaipata, lakini beti zake tunazo. Tafuta mtu mwenye mkono mzuri akuandikie beti moja kwa hati za Kiarabu kama zilivyoandikwa zamani, weka fremu ya maana, na hapo Mwana Kupona yumo nyumbani kwako kuliko mchoro wowote wa kubuni. Kwa Mkwawa piga picha ya mahali, Kalenga au vilima vya Uhehe. Njia hii inawafaa sana pia ndugu zetu Waislamu ambao hawatundiki picha za viumbe ndani, hasa sehemu ya kuswalia. Kama nyumba ni ya watu wawili na mmoja hapendi sura ukutani, usilazimishe, beti au mahali vinamaliza ugomvi.

Hatua ya 5: itafute kwenye chanzo chenye heshima, kwa ukubwa unaotosha

Anza na Wikimedia Commons, hazina ya picha za bure mtandaoni, chini ya kila picha wameandika mpigapicha, mwaka na ruhusa ya matumizi. Hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uholanzi, Nationaal Archief, imeachia bure picha nyingi sana za shirika lao la zamani la Anefo, na humo wamo viongozi wa Afrika waliopita Ulaya miaka ya 1960, ile ya Lumumba niliyoisema inatoka humo. Kwa Tanzania ulizia Idara ya Habari MAELEZO, wao ndo wenye picha za serikali. Zanzibar nenda Mji Mkongwe kuna Capital Art Studio ya familia ya Oza, ipo tangu 1930, ina picha za zamani nyeusi na nyeupe unaweza kununua iliyosafishwa tayari, yaani iliyochapwa kwenye karatasi. Nairobi kuna hifadhi ya nyaraka ya taifa pale Moi Avenue. Na kama unatafuta wapigapicha wa kwetu wenyewe andika majina haya mawili, Mohamed Amin na Priya Ramrakha, wote wa Kenya, utashangaa walivyonasa miaka ile.

Picha za watu wa karibuni kama Wangari Maathai au Bi Kidude mara nyingi zina mwenyewe, mpigapicha bado yupo hai au familia yake ipo. Mwandikie umwombe, mwambie ni ya nyumbani sio ya kuuza, na kama anauza nakala nunua kwake. Ni haki yake.

Sasa ukubwa, hapa ndo picha nyingi zinapoharibikia. Kwenye simu kila picha inaonekana kali. Ukitaka kusafisha A4 kwa ukali kamili unahitaji pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) kama 2480 kwa 3508, A3 ni 3508 kwa 4961. Hesabu ya haraka: gawanya pikseli za upana kwa 300 unapata inchi, zidisha mara 2.54 unapata sentimita. Kama picha ni ya kuangaliwa kwa mbali kidogo unaweza kugawanya kwa 150, kwahiyo faili lile lile la A4 linaweza kwenda mpaka A2 na likakubalika ukiwa umekaa kwenye kochi. Picha ya pikseli 600 uliyoitoa Facebook itakupa sentimita kumi tu za kueleweka, ikivutwa zaidi ni ukungu.

Na ukishapata faili usimtumie mtu wa steshenari kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa njiani. Itume kama dokyumenti, au peleka kwenye flashi.

Maneno chini ya picha: mi nasema hapana, labda jina na mwaka. Maneno mengi ya kwenye mabango ni ya kusingiziwa. Yale maarufu kuhusu hofu yetu kubwa kuliko zote, ambayo kila mtu anasema Mandela aliyatamka siku ya kuapishwa 1994, kwenye hotuba ile hayamo, yametoka kwenye kitabu cha mwandishi wa Marekani cha 1992. Kama lazima uweke maneno, yatafute kwenye hotuba yenyewe nzima.

Hatua ya 6: kuisafisha

Nenda na mambo matatu kichwani. Moja, picha nyeusi na nyeupe isafishwe kama nyeusi na nyeupe kweli, maana printa za rangi zikiachwa zenyewe zinatoa kijani au zambarau kwenye vivuli, omba kipande kidogo cha majaribio kwanza kabla ya kubwa. Mbili, karatasi isiyong'aa, kwa sababu juu yake kutakuwa na kioo na viwili vinavyong'aa pamoja hutaona uso utaona dirisha. Tatu, umbo. Picha nyingi za zamani hazina umbo la A4, ni fupi nene kidogo, na fundi atakwambia "dada hii naivuta kidogo tu ijae karatasi". Mjibu kwa upole "hapana fundi, acha weupe pembeni". Uso ukivutwa hata kidogo sio yule mtu tena.

Ulizia na wino. Wino wa pigmenti unavumilia miaka, ule wa kawaida wa bei rahisi unaanza kufifia mapema hasa ukipata jua.

Ukitaka ya kuchorwa kwa mkono badala ya kusafisha, hiyo ni njia nzuri mno na ina historia kwetu. Lubumbashi kule Kongo miaka ya 1970 watu wa kawaida walikuwa wananunua michoro ya wachoraji wa mtaani wanaitundika sebuleni, akina Tshibumba Kanda Matulu walichora maisha ya Lumumba mwanzo mpaka mwisho, na mazungumzo ya hapo sebuleni yalikuwa kwa Kiswahili. Ukimpata mchoraji mpe picha tatu nne za mtu huyo za umri mmoja, sio moja tu, na umsimulie habari zake. Mchoraji anayemjua anayemchora anatoa kitu kingine.

Hatua ya 7: fremu

Fremu nyembamba nyeusi au ya mbao ya rangi yake inakaa na karibu kila picha ya zamani. Zile za dhahabu zenye maua maua zinakula picha, mtu wa kwanza kuonekana anakuwa fremu.

Kama unaishi pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, sikiliza hili vizuri: picha isiguse kioo. Unyevu ukiingia inagandia kwenye kioo na siku ukitaka kuitoa inachanika. Mwambie fundi aweke kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, upana wa sentimita tatu mpaka tano pembeni, inainua kioo na pia inampa mtu nafasi ya kupumua. Nyuma afunge na hadibodi, na mzunguko mzima apige gamutepu ili vumbi na wadudu wasipite. Usikubali agundishe picha yenyewe kwenye hadibodi kwa gundi ya mbao, baada ya mwaka utaona madoa ya njano yanatokeza mbele. Laminesheni pia sio fremu, inajikunja na inang'aa vibaya.

Kabla fundi hajafunga, nyuma ya picha andika kwa penseli: jina la mtu, mwaka na mahali ilipopigwa, aliyepiga, na ulikoitoa. Penseli, sio kalamu ya wino, wino unapenya.

Hatua ya 8: mahali na kutundika

Tafuta ukuta ambao jua halipigi moja kwa moja, jua la saa kumi la dirisha la magharibi linaua picha. Ukuta wa upande wa pili wa bafu au jiko nao uache, una unyevu na mvuke. Juu ya televisheni usiweke, hakuna atakayemwona.

Kitovu cha picha kiwe sentimita 145 mpaka 150 kutoka sakafuni, hapo ndo macho ya mtu aliyesimama yalipo. Huku kwetu watu wanatundika juu mno, karibu na dari, wakidhani ndo heshima, matokeo yake mtoto haoni kitu na mtu mzima anakunja shingo. Juu ya kochi acha sentimita 15 mpaka 20 kati ya mgongo wa kochi na fremu. Zikiwa kadhaa acha sentimita tano mpaka nane kati ya moja na nyingine na zipange kwa kufuata kitovu, sio kwa kingo za juu.

Na kuhusu nani akae karibu na nani: wazee wa nyumba yenu wenyewe, babu na bibi, wape nafasi yao iliyo sawa au bora kuliko ya viongozi. Mi napenda kuwachanganya kabisa ukuta mmoja. Bibi aliyezaliwa 1930 aliishi miaka ileile ya Bibi Titi, akikaa pembeni yake watoto wanaelewa kwamba historia ilipita hata kwenye ukoo wao.

Kabla hujatoboa kata magazeti kwa saizi za fremu, yabandike ukutani kwa gamutepu, yaache siku mbili tatu mpite mpite mkiyaona. Mtayasogeza, hakika. Mkiridhika weka alama kwa penseli, tumia pimamaji, au ile ya kwenye simu.

Msumari unategemea uzito. Kioo cha milimita tatu kina kama kilo saba na nusu kwa mita moja ya mraba, kwahiyo fremu ya A2 kioo peke yake ni karibu kilo mbili, ukiongeza mbao na hadibodi inafika tatu au zaidi. Kwenye tofali na plasta nzuri A4 inashikwa na msumari mmoja wa zege, lakini A2 toboa kwa drili, ingiza kiplastiki alafu skrubu, mbili ni bora kuliko moja maana picha haipindi kila mlango ukibamizwa. Kama ukuta ni jipsamu usipige msumari hewani, gonga gonga utafute mbao ya ndani au nunua skrubu maalum za jipsamu. Na usitoboe juu au chini ya swichi na soketi kwa mstari wa wima, waya unapita humo. Mwenye nyumba ya kupanga muulize kwanza, au tumia rafu nyembamba uziegemeze, inapendeza pia.

Kutunza

Kioo ukikifuta pulizia dawa kwenye kitambaa, usipulizie kwenye kioo, inashuka kwenye kingo inaingia ndani. Mara mbili kwa mwaka, na hasa mvua za masika zikiisha, shusha kila fremu uangalie nyuma: njia za udongo za mchwa, vidoti vyeusi vya ukungu, gamutepu iliyobanduka. Ukikuta ukungu fungua fremu, kausha kila kitu kivulini kwenye upepo, badilisha kadibodi na hadibodi, na ukuta wenyewe uangalie kama unavuja kabla hujairudisha. Faili la picha liweke sehemu mbili, simu peke yake haitoshi, ili kama nakala ya ukutani ikiharibika unaisafisha upya bila kuanza kutafuta.

Watu wawili watatu mkitundika, semeni ni nani na mlichagua picha ipi, na kama mna picha nzuri ya Bibi Titi ya ukubwa wa A3 kwenda juu yenye jina la mpigapicha, ielezeni mmeipata wapi maana hiyo inatafutwa na wengi.